Mvua Juu ya Ngozi Wazi

Mvua ya kwanza kunyesha Lengusha baada ya miaka kumi na moja iliwakuta watu wakiwa kazini kwenye mashamba ya magadi, na hakuna hata mmoja aliyekimbia kujikinga. Waliyaacha makoleo yao pale pale juu ya ukoko mweupe wa ziwa lililokauka, wakainua nyuso, wakapanua midomo.

Daktari Nakiete Mrutu alikuwa zahanati, akimsafisha kidonda mvunaji mmoja aliyejikata mguu, aliposikia kishindo juu ya bati. Alidhani mtambo wa baridi unaharibika tena. Kisha harufu ya vumbi linalolowa ikapenya dirishani, na mate yakamjaa mdomoni kabla hajakumbuka ni harufu ya nini. Mgonjwa wake alikuwa ameshateremka kitandani, anachechemea kuelekea mlangoni, bandeji ikiburuzika nyuma yake, naye anacheka peke yake.

Nakiete akamfuata. Alitoka hivyo hivyo na blauzi yake nyepesi, bila lile vazi la baridi, la kuupoza mwili, ambalo siku nyingine asingethubutu kuvuka kizingiti bila kulivaa. Katika watu mia tatu na ushee wa Lengusha, ni yeye peke yake aliyelihitaji. Wengine wote walikuwa wamepandikizwa ngozi wazi, ngozi nyororo isiyo na nywele, yenye wekundu wa chungu kilichotoka tanuruni, na kwa hiyo waliweza kushinda kwenye jua la nyuzi hamsini na tano wakichimba magadi na kupiga soga. Nakiete alikuwa mmoja wa waliobuni ngozi hiyo. Wizara ilimwacha na ngozi yake ya kuzaliwa ili aweze kupanda hadi mji wa Ukingoni, juu ya genge la mawe lililozunguka bonde, kila alipoitwa kutoa maelezo.

Uwanjani palikuwa na shangwe kama ya harusi. Mumewe Gwandu, fundi mkuu wa visima, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, alikuwa amevua shati anarukaruka dimbwini kama mtoto.

"Naki! Njoo! Mungu wangu, njoo uone!"

Alimvuta kwa mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vya moto kama kikombe cha chai, kama vilivyokuwa siku zote tangu apandikizwe. Kwa sababu ya joto hilo walikuwa wanalala kwenye mikeka miwili, na ukimgusa taratibu hakuhisi. Ilibidi umfinye ndipo ageuke. Lakini leo, chini ya mvua, mikono ile ilikuwa mizuri kushikwa. Nakiete akaiacha imshike.

Upepo ukashuka kutoka gengeni. Nakiete akasisimka. Alitazama mkono wake akaona malaika yote yamesimama, ngozi imejaa vipele vidogo kama ya kuku aliyenyonyolewa. Kisha akautazama mkono wa Gwandu. Ulikuwa laini na mwekundu vile vile, na ulikuwa unafuka. Mvuke ulipanda kutoka mabegani mwake. Ulipanda kutoka migongoni mwa watu wote uwanjani, mweupe, mwingi, kama wa masufuria yaliyofunuliwa kwa pamoja. Joto lao lilikuwa linaondoka mbele ya macho yake.

"Gwandu," alisema. "Ingia ndani."

"Nini?"

"Ingieni ndani! Wote! Tokeni kwenye mvua!"

Watu wakacheka. Ghati, msimamizi wa wavunaji, alikuwa amembeba begani binti yake Wegesa, mtoto wa miaka tisa, na wote wawili wamelowa chapachapa.

"Tuache tuoge, Daktari," Ghati alisema. "Wewe mvua unaionea huko juu kila mwaka. Sisi huyu mtoto hajawahi kuiona tangu azaliwe."

Nakiete alitaka kuwaeleza. Angewaeleza nini watu wanaocheza? Mtu wa kawaida akishikwa na joto, mishipa midogo iliyo chini ya ngozi hupanuka, damu ya moto hupanda juu, jasho hutoka, na likikauka huondoka na joto. Akishikwa na baridi, ubongo huamuru mishipa hiyo ibane, damu irudi ndani kuulinda moyo. Ngozi hufanya kazi zote mbili bila mwenyewe kujua. Tatizo lililowaua wavunaji wa zamani ni kwamba mtu akiishiwa maji juani, mwili huogopa damu itapungua nguvu, nao huibana mishipa ile ile wakati ambapo joto linatafuta pa kutokea. Watu walipikika wakiwa wamesimama. Ndipo Nakiete na wenzake wakaikata amri ile. Waliotesha maabara ngozi ambayo mishipa yake haibani kamwe, yenye tezi za jasho mara tatu, na mafuta ya chini yake wakayaondoa karibu yote. Hata usiku wa baridi kabisa Lengusha, kipimo kilikuwa hakijashuka chini ya thelathini kwa muda mrefu kiasi kwamba neno baridi lilibaki jina la mtambo tu.

Mvua ikageuka mvua ya mawe.

*

Wegesa ndiye aliyeanza. Aliacha kucheka, akaegemeza kichwa kwenye shingo ya mama yake, na Ghati akadhani amesinzia. Nakiete alimpokonya bila kuomba, akamkimbiza ndani ya zahanati, akamtia kipimo. Thelathini na tatu. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu.

Palikuwa hapana blanketi Lengusha. Palikuwa hapana kuni, jiko la mkaa, wala sweta. Nyumba zilikuwa nguzo na paa la wavu, bila kuta, ili upepo upite. Chakula kilipikwa kwa vioo vya jua, na jua lilikuwa halipo. Nakiete alifungua vifungo vya blauzi, akamlaza mtoto kifuani mwake ngozi kwa ngozi, akajifunika naye kwa shuka la kitanda cha wagonjwa. Mwili ule mdogo ulikuwa wa baridi kama samaki, na bado ulikuwa unafuka. Ulikuwa unalichukua joto lake na kulimwaga hewani.

"Anafanya nini huyo?" mtu mmoja aliuliza.

"Anampa joto," Ghati alijibu. Alikuwa ameanza kuelewa. Alitazama uwanjani ambako watu walikuwa wameacha kucheza na sasa wamesimama tu, mikono imening'inia, mawe ya mvua yakiwagonga mabegani. "Na sisi je, Daktari? Nani ana joto la kutupa sisi?"

Waliwaingiza zahanati, wote walioweza kuingia. Ukumbi ule ulikuwa na kuta nene kwa sababu ulijengwa kuzuia joto la nje lisiingie. Watu walijazana hadi chini ya vitanda. Waliobaki walibanana barazani, upande usio na upepo. Gwandu alizunguka akiwapanga wasimame karibu karibu, lakini haikusaidia. Walikuwa kama mitungi inayovuja iliyopangwa pamoja, kila mmoja anamwaga na hakuna anayekinga.

Ndipo akaja na wazo la mtambo.

"Mtambo wa baridi hauli joto, Naki. Unalihamisha tu, unalitoa humu unalitupa nje." Meno yalikuwa yanamgongana, maneno yanatoka vipande vipande. "Nikiyageuza mabomba yale ya nyuma, litaingia humu ndani."

"Yako nje, Gwandu. Mvuani."

"Sasa yatakuwa wapi?"

Nakiete alimshika mkono. Hakuhisi. Akamfinya, naye akageuka.

"Sikiliza," Gwandu alisema kwa sauti ya chini, maana watu walikuwa karibu. "Najua una ile dawa ya kubana mishipa, ya kuifunga ngozi isitoe joto. Najua unaifikiria. Mimi usinifunge. Pampu ya kisima iko juani, na aliyefungwa hawezi jua, na bila pampu hakuna maji. Hata hao utakaowafunga, nani atawatekea? Umenisikia? Lolote litakalonikuta huko nje, usinifunge."

"Nimekusikia."

"Sema hutanifunga."

"Sitakufunga," Nakiete alisema, na Gwandu akatoka.

*

Redio ilikuwa kwenye chumba cha dawa. Nakiete aliingia na Wegesa kifuani, akamkuta Profesa Chilongola hewani, akiita kutoka Ukingoni. Profesa ndiye aliyemfundisha, na ndiye aliyemwoza.

"Shikamoo Profesa," alisema, kwa mazoea, na akajisikia mjinga.

"Marahaba binti yangu. Niambie hali."

Akamwambia. Akaeleza vipimo alivyovichukua: thelathini na tatu, thelathini na mbili, mzee mmoja thelathini kasoro.

"Barabara ya genge imechukuliwa na maji," Profesa alisema. "Magari hayawezi kushuka. Ndege haziruki na mawe haya. Nimejaribu kila mahali."

"Nina dawa ya kubana. Inatosha watu wote."

"Hapana."

"Profesa, wanakufa."

"Hapana, Nakiete. Ile ni dawa ya chumba cha upasuaji. Tone moja, mahali pamoja, mtu asivuje damu. Ukimpa mtu dozi ya mwili mzima, mishipa yote itabana na haitapanuka tena. Tezi za jasho zitakosa damu, na zikishakufa haziamki. Utakuwa umemfunga ndani ya mfuko. Mvua ikikatika na jua likawaka, atapikika ndani kwa ndani. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Mvua itakatika lini?"

"Wataalamu wa hewa wanasema huenda jioni. Huenda kesho. Hawajawahi kuiona mvua ya namna hii."

"Wakibaki wazi hawafiki jioni."

"Wengine watafika."

"Wangapi?"

"Sijui."

"Na nikiwafunga, wangapi watafika siku mtakayoweza kushuka?"

"Hilo nalo silijui," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Waulize wenyewe. Kama kuna anayeweza kujibu, muulize. Zaidi ya hapo sina la kukusaidia, binti yangu. Nisamehe."

Alirudi ukumbini. Alimwendea kwanza yule mvunaji mwenye kidonda mguuni. Alimkuta anavua nguo. Alikuwa ameshavua shati na sasa anahangaika na suruali, uso umetulia, anatabasamu.

"Joto leo, Daktari," alisema. "Fungua madirisha."

Nakiete alijua hali hiyo kwa kuisoma tu vitabuni: mwili unaokaribia kufa kwa baridi huuhadaa ubongo, mtu akaona anaungua. Alitazama ukumbi mzima. Watu walikuwa wanavua nguo. Mwanamke mmoja alikuwa anajipepea kwa kiganja. Aliwauliza, mmoja baada ya mwingine, kama wanataka wafungwe, akiwaeleza kwa maneno mepesi kabisa kwamba watapona baridi lakini jua litakuwa adui yao maisha yote. Mmoja alimjibu kwamba ng'ombe wameshakunywa. Mwingine alimwita kwa jina la marehemu dada yake. Wengi walimtazama tu.

Aliyejibu kwa akili timamu alikuwa Ghati. Alikuwa hajaketi tangu wameingia. Alikuwa anapiga miguu chini, anatembea, anawapiga watu makofi wasilale.

"Mfunge mtoto," alisema.

"Mama Wegesa, umeelewa nilichosema? Hataweza kukaa huku bondeni tena. Hata siku moja."

"Nimeelewa. Yuko hai kwa sababu umembeba. Utambeba mpaka lini? Kuna watoto wangapi humu, na una kifua kimoja." Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Mfunge. Mimi niache."

"Na wewe unaweza kufa."

"Kesho likiwaka jua, lazima awepo mtu wa kusimama juani awachotee maji. Si wewe, wewe utazimia kabla hujafika kisimani. Niache mimi, na mwingine yeyote atakayeweza kusema neno hilo. Wasioweza kusema..." Ghati aliangalia pembeni. "Hao ni kazi yako. Ndiyo ngozi uliyowapa."

Nakiete alijaza sindano. Wegesa hakulia. Dawa ilipoingia, wekundu ukaanza kumtoka kuanzia begani, taratibu, kama maji yanavyonyweka mchangani, hadi mwili wote ukawa wa kijivu na mkavu. Mvuke ukakoma. Baada ya muda mfupi Nakiete akahisi, dhidi ya tumbo lake, joto dogo la mtoto likianza kukaa mahali pake.

Akamkabidhi kwa mama yake na kwenda kwa anayefuata. Na anayefuata. Aliwadunga waliokubali, nao walikuwa wachache sana. Kisha akawadunga wasioweza kukubali wala kukataa. Waliokataa waziwazi aliwaacha, ila hakuweza kujua nani alikataa kwa akili yake na nani alikatalia kwenye ndoto. Mwanamume mmoja alimsukuma mkono mara mbili. Mara ya tatu hakuwa na nguvu za kusukuma, na Nakiete akamdunga.

Wakati huo hewa ya moto ikaanza kuvuma kutoka tundu la mtambo ukutani. Gwandu alikuwa amefaulu. Watu waliokuwa karibu na tundu walilia kwa raha. Ilivuma kwa muda ambao mtu angeweza kula chakula akamaliza, kisha betri za mtambo zikaisha, maana mawingu yalikuwa yamezinyima jua tangu mchana, na tundu likanyamaza.

Watu wawili walimleta Gwandu mlangoni, wanamburuta. Alikuwa uchi hadi kiunoni, na vidole vyake vilikuwa vimejipinda kama bado vimeshika spana. Kipimo kilisoma ishirini na tisa.

"Naki," alisema.

"Niko hapa."

"Nifunge."

Nakiete alipiga magoti. "Umesema nini?"

"Nifunge, Naki. Nasikia baridi. Nifunge, mama, nasikia baridi." Alikuwa analia kama mtoto, anamwita mama yake na kumwita yeye kwa sauti ile ile.

Aliyesema usinifunge alikuwa Gwandu mwenye akili zake. Huyu hakuwa yeye. Nakiete alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini mdomo ulikuwa wa Gwandu, na ulikuwa umeomba, na ndani ya kifua chake Nakiete alifurahi kwamba umeomba. Alimdunga haraka, kabla hajabadilisha neno.

*

Mvua ilikatika jua likiwa halijazama. Mawingu yalipasuka upande wa magharibi, na mwanga wa manjano ukalala juu ya madimbwi.

Waliofungwa walikuwa hai karibu wote. Katika walioachwa wazi, waliopona ni wale waliokuwa wamelala katikati ya waliofungwa, kwa sababu mwili uliofungwa ulihifadhi joto na kuugawia uliokuwa jirani. Ghati alipona hivyo, amekumbatia binti yake. Nakiete alipowaona wawili hao akasimama hapo kwa muda mrefu. Kumbe ingetosha kuwafunga nusu. Ingetosha kumpa kila aliyefungwa mwenzake aliye wazi wa kumpasha. Jambo jepesi kiasi hicho, na halikumjia mpaka kazi ilipokwisha.

Asubuhi jua likarudi kama lilivyokuwa siku zote.

Betri zilihitaji saa nyingi za jua kujaa, na mtambo ulikuwa umefunguliwa mabomba yake, na aliyejua kuyarudisha alikuwa amelala sakafuni, wa kijivu, mkavu, midomo imepasuka. Kabla ya saa sita ukumbi ulikuwa na joto la nyuzi arobaini. Waliofungwa walihema midomo wazi. Hakuna hata tone la jasho lililoonekana kwenye paji la mtu yeyote.

Ghati na wachache waliobaki wazi walichota maji ya madimbwi, wakawamwagia, wakawapepea kwa vipande vya mabati. Ndivyo jasho linavyofanya, Nakiete aliwaeleza. Tunawatolea jasho kwa nje. Lakini ziwa zima lilikuwa limelowa, na lilikuwa linapanda angani kwa pamoja. Hewa ilikuwa nzito, unaivuta kama unavuta kitambaa kibichi. Maji hayakukauka juu ya miili ile. Yalikaa tu, yakapata moto, yakatiririka chini.

Gwandu alizinduka mchana. Alijitazama mkono, akaugeuza, akautazama upande wa pili.

"Nani kakuambia?" aliuliza.

"Wewe."

"Mimi?"

"Uliniomba. Ulisema unasikia baridi."

Alifikiri. Nakiete alikuwa anampepea kwa bati, na bega lilimuuma lakini hakubadilisha mkono.

"Na wewe ukaamini," Gwandu alisema. Hakusema kwa hasira. Baadaye alieleza, kwa sauti iliyokatika, jinsi ya kurudisha mabomba: lipi kwanza, lipi pili, pale pa kufunga kwa waya kama kikazio kimevunjika. Ghati alienda akafanya kama alivyoelekezwa, akarudi kuuliza, akaenda tena. Mtambo ukawaka alasiri, ukaanza kuvuma baridi kidogo, na Wegesa na waliokuwa upande ule wakatulia. Upande wa Gwandu baridi haikufika upesi. Nakiete alijaribu kumburuta. Alikuwa mzito, na ngozi yake ilikuwa ya moto kuliko ilivyowahi kuwa miaka yote saba ya mikeka miwili, lakini sasa moto ulikuwa umekwama ndani na hauna pa kutokea. Alimlaza kichwa mapajani. Alimgusa shavu taratibu kabisa, kwa ncha za vidole, bila kumfinya, na hakujua kama amehisi.

Alikufa kabla jua halijatua.

*

Magari yalishuka siku iliyofuata, kwa njia waliyoichimba upya ubavuni mwa genge. Yalikuwa na vyumba vya baridi nyuma. Profesa Chilongola alikuja nayo mwenyewe, amevaa vazi la baridi lililomzidi kimo, akaiona miili iliyopangwa barazani. Alimshika Nakiete kichwa kwa mikono yote miwili kama anavyoshikwa mfiwa, kisha akaenda kusaidia kubeba.

Waliobaki hai kati ya waliofungwa hawakufika nusu. Hao walikuwa wa kupelekwa Ukingoni, wakaishi huko kwenye ubaridi. Walioachwa wazi hawakuweza kwenda. Ukingoni asubuhi huwa na ukungu, na maji ya bomba peke yake yangewatetemesha.

"Kuna nguo nzito," Profesa alisema. "Kuna vyumba vya kupashwa moto. Labda kwa siku chache chache, kumtembelea mtoto..."

"Profesa," Nakiete alisema. "Tafadhali."

Ghati alimbeba Wegesa hadi kwenye gari mwenyewe. Aliingia naye, akamlaza kwenye kitanda cha ukutani, akaketi pembeni yake. Mlango ulikuwa wazi, na ubaridi wa chumba kile ulimwagika nje hadi kwenye miguu ya Nakiete aliyesimama juani na vazi lake. Uso wa mtoto ulikuwa umepata uhai. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mvua aliomba chakula.

Ghati akamsimulia habari za Ukingoni, ambako hakuwahi kufika. Alisema kuna miti inayodondosha maji asubuhi. Alisema Daktari atakuwa anakwenda na kurudi, na atampelekea salamu, na yeye naye amrudishie. Alikuwa anaongea vizuri, kwa furaha kabisa, lakini mabega yalikuwa yameanza kutetemeka, na mvuke mwembamba ulikuwa ukimtoka shingoni na kupotea chini ya taa. Dereva alimtazama Nakiete. Nakiete akatikisa kichwa: mwache.

Alianza kukosea maneno. Alirudia habari ya miti mara mbili. Wegesa alikuwa anamkodolea macho.

"Mama," alisema, "midomo yako."

"Iko salama."

"Inakuwa kama ya watu wa barazani."

"Kidogo tu, mwanangu. Nikae kidogo."

Mtoto aliinuka kwenye kitanda. Aliweka viganja vyake vya kijivu kifuani mwa mama yake, na kwa nguvu zote alizokuwa amebakiwa nazo akamsukuma kuelekea mlangoni, kwenye jua.

"Mama, shuka," alisema. "Shuka, mama. Shuka."